Kuikomboa Nyumba: Akiba ya Kila Siku na Ulipaji wa Mapema wa Mkopo wa Rehani

Utangulizi

Wahenga waliamba kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii ndiyo inayotangulia kila inapozungumziwa akiba, iwe darasani, katika vikao vya vyama vya akina mama au katika insha za watahiniwa. Kibaba ni kipimo cha nafaka, na vibaba vinne hufanya pishi moja. Anayetia nafaka kidogo kidogo hatimaye hukijaza. Hata hivyo, wahenga hao hao walituachia methali nyingine ambayo haitajwi sana panapozungumziwa fedha, nayo ni bandu bandu huisha gogo. Methali ya kwanza inahusu chombo kinachojaa. Ya pili inahusu gogo linalokwisha kwa kubanduliwa kibanzi baada ya kibanzi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba familia inayolipia nyumba kwa mkopo wa benki inazihitaji methali zote mbili, na kwamba pindi akiba ya dharura inapokwisha kutengwa, methali ya pili ndiyo yenye faida kubwa zaidi. Ili kulibainisha dai hili, makala yanaeleza kwanza maana ya rehani, kisha namna riba inavyohesabiwa, halafu jinsi akiba ndogo ya nyumbani inavyoweza kufupisha muda wa deni. Aidha, yanataja tahadhari ambazo mwenye deni hana budi kuzizingatia, na yanagusia wajibu wa wataalamu wa Kiswahili katika suala hili.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini na rehani? Ni kweli kwamba mikopo ya aina hii ni michache nchini Kenya. Kufikia mwisho wa mwaka 2021, mikopo yote ya nyumba iliyokuwa katika mabenki ya Kenya haikufika 30,000. Wengi hujenga kwa awamu, jiwe leo na bati mwakani, au hukopa kutoka vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Lakini kanuni zinazoongoza mikopo ya vyama hivyo hazitofautiani sana na za rehani. Isitoshe, walimu, wahadhiri na watumishi wa umma ni miongoni mwa watu wenye mshahara wa kila mwezi ambao mabenki huwatafuta, na aghalabu msomi wa familia ndiye anayeitwa kusoma hati pindi barua ya benki inapofika nyumbani.

Maana ya Rehani

Neno rehani lina asili ya Kiarabu, sawa na riba, deni na dhamana. Maana yake ya msingi si mkopo, bali ni kitu kinachowekwa kwa mkopeshaji ili kithibitishe kuwa deni litalipwa. Mtu huweka pete rehani, huweka shamba rehani au huweka nyumba rehani. Katika mazungumzo ya siku hizi, watu husema "nalipa rehani" wakimaanisha kuwa wanalipa mkopo wa nyumba, na matumizi hayo yamekwisha kukubalika. Hata hivyo, ni vyema maana ya awali isisahaulike, kwa kuwa inaeleza bayana hali halisi: kilichowekwa rehani ni nyumba yenyewe. Aidha, Kiswahili kina kitenzi kinachofaa kwa tendo la kumaliza deni la namna hiyo, nacho ni kukomboa au kugomboa. Mwenye nyumba halipi tu, anaikomboa.

Historia ya pwani inaonyesha uzito wa jambo hili. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, wamiliki wengi wa mashamba ya mikarafuu waliyaweka mashamba yao rehani kwa wakopeshaji, na bei ya karafuu ilipoanguka wakashindwa kuyakomboa. Madeni hayo yalifikia kiasi cha kuifanya serikali ya kikoloni ipitishe sheria mwaka 1934 ili kudhibiti uhamishaji wa ardhi uliotokana na madeni. Wenye mashamba hawakuwa wavivu. Walikuwa na mavuno, ila mavuno hayo hayakuwa yakilipunguza deni lenyewe.

Nchini Kenya, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaeleza utaratibu wa mkopeshaji pale mkopaji anaposhindwa kulipa. Mkopaji akikosa kulipa kwa mwezi mmoja, mkopeshaji anaweza kumpa notisi inayompa muda usiopungua miezi mitatu wa kurekebisha kasoro hiyo. Muda huo ukipita bila malipo, mkopeshaji akitaka kuiuza nyumba sharti atoe notisi nyingine isiyopungua siku 40. Sheria hiyo hiyo inasema kwamba nyumba ya wanandoa haiwezi kuwekwa rehani kihalali pasipo saini ya mume na mke. Kwa hivyo deni la nyumba ni la wote wawili, na ni haki wote wawili waielewe hesabu yake.

Namna Riba Inavyohesabiwa

Mikopo mingi ya nyumba hutozwa riba juu ya salio. Maana yake ni kwamba kila mwezi benki hutazama deni la msingi lililobaki, kisha hukokotoa riba ya mwezi huo kutokana na salio hilo. Malipo ya mkopaji hugawanywa mara mbili: sehemu ya kwanza hulipa riba ya mwezi, na kinachosalia ndicho kinachopunguza deni la msingi. Mwanzoni salio ni kubwa, hivyo riba humeza karibu malipo yote. Mwishoni salio ni dogo, hivyo deni hupungua kwa kasi.

Mfano wa kubuni utalifafanua jambo hili. Chukulia kwamba mwalimu wa shule ya upili na mkewe ambaye ni muuguzi wamekopa Sh3,000,000 ili kununua nyumba pembezoni mwa mji wa Nakuru. Riba ni asilimia 14 kwa mwaka, na muda wa kulipa ni miaka 20. Malipo yao ya kila mwezi ni Sh37,306. Katika mwezi wa kwanza, riba peke yake ni Sh35,000. Kinachopunguza deni ni Sh2,306 tu.

Wakiendelea hivyo kwa miaka 5, watakuwa wamelipa takriban Sh2,238,000. Lakini deni litakuwa limepungua kwa Sh199,000 hivi, na salio litakuwa Sh2,801,000. Hata baada ya miaka 15 na miezi 5, watakuwa bado wanadaiwa zaidi kidogo ya nusu ya fedha walizokopa. Kufikia mwisho wa miaka 20, watakuwa wamelipa jumla ya takriban Sh8,953,000, na kati ya hizo Sh5,953,000 ni riba. Kwa maneno mengine, familia hiyo itakuwa imenunua nyumba moja na kulipia takriban tatu.

Hesabu hii haina hila yoyote. Benki imekopesha fedha zake kwa miaka mingi na inatoza gharama iliyokubaliwa. Kinachoumiza ni kwamba wakopaji wengi huangalia tarakimu moja pekee, yaani malipo ya kila mwezi, na kujiuliza kama mshahara utayamudu. Swali la deni la msingi linapungua kwa kasi gani haliulizwi, ilhali hilo ndilo linaloamua ni lini nyumba itakombolewa.

Nguvu ya Kibanzi cha Kila Mwezi

Sasa chukulia kwamba familia hiyo inaongeza Sh5,000 kila mwezi tangu mwanzo, na kwamba nyongeza hiyo yote inaelekezwa kwenye deni la msingi. Mwezi wa kwanza, badala ya deni kupungua kwa Sh2,306, linapungua kwa Sh7,306. Gogo linabanduliwa mara tatu zaidi. Mwezi unaofuata, riba inatozwa juu ya salio dogo zaidi, hivyo sehemu ya malipo inayopunguza deni inaongezeka hata kabla ya nyongeza mpya kutiwa.

Matokeo yake ni kwamba deni linakwisha kwa miaka 12 na miezi 8 badala ya miaka 20. Riba yote inakuwa takriban Sh3,406,000. Familia imeongeza karibu Sh755,000 kwa kipindi chote hicho, nayo imeepuka riba ya zaidi ya Sh2,500,000. Zaidi ya hayo, imepata miaka 7 na miezi 4 ambamo mshahara hauna deni la nyumba. Kwa mzazi ambaye watoto wake watakuwa wamefika chuo kikuu wakati huo, miaka hiyo si haba.

Wakati una umuhimu mkubwa katika hesabu hii. Shilingi 1,000 inayotiwa katika deni la msingi mwezi wa kwanza huondoa takriban Sh16,000 za malipo ya mwisho wa mkopo. Shilingi 1,000 hiyo hiyo ikitiwa baada ya miaka 15 huondoa takriban Sh2,000. Familia iliyotajwa hapo juu ikingoja miaka 5 kabla ya kuanza kuongeza Sh5,000, deni litakwisha baada ya miaka 15 na miezi 8, na riba itakayoepukwa itakuwa takriban Sh1,315,000, yaani karibu nusu ya ile ambayo ingeepukwa kama wangeanza mapema. Ni dhahiri basi kwamba anayesubiri mshahara uongezeke ndipo aanze, hupoteza ile miaka ambayo kibanzi kidogo kina nguvu kubwa kuliko wakati wowote mwingine.

Akiba Inapatikana Wapi?

Shilingi 5,000 kwa mwezi ni sawa na Sh167 hivi kwa siku. Kwa mwenye mshahara wa wastani anayelipa deni, karo, nauli na matibabu, kiasi hiki si kidogo. Haitoshi kumwambia mtu aweke akiba. Ni sharti ionekane akiba hiyo inachumwa wapi. Njia ya kwanza ni daftari. Familia huandika kila matumizi kwa mwezi mmoja bila kubadili chochote, kisha mume na mke huketi na kulisoma daftari pamoja. Mara nyingi fedha zinazopotea si zile za vitu vikubwa, bali ni za vitu vidogo vinavyonunuliwa kila siku kwa bei ya juu.

Mfano wa unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni unatosha. Bidhaa hizi huuzwa madukani katika vipimo vidogo vidogo ambavyo Wakenya huviita kadogo. Anayenunua kadogo hulipa fedha chache kwa siku, lakini akijumlisha kwa mwezi hugundua kwamba amelipa zaidi ya aliyenunua kwa jumla. Asiye na mshahara wa mwezi hana hiari katika jambo hili. Mwenye mshahara ana hiari, ila mazoea humzuia kuitumia.

Familia ya mfano wetu inaweza kuzipata Sh5,000 hivi: mmoja wao akibeba chakula cha mchana kutoka nyumbani na kuokoa Sh100 kila siku ya kazi, kwa siku 22 atakuwa ameokoa Sh2,200. Kununua vyakula vikavu kwa jumla mwanzoni mwa mwezi kunaweza kuokoa Sh1,100. Sukuma wiki na kunde zikipandwa kwenye magunia nyuma ya nyumba, mboga zinaweza kupunguza gharama ya soko kwa Sh600. Maharagwe na mahindi ya githeri yakilowekwa usiku kucha huiva upesi, na gesi au makaa yanayookolewa yakawa ya Sh400. Muda wa maongezi na data ya simu ukipangiwa kiasi maalumu, Sh700 nyingine zinapatikana. Jumla ni Sh5,000. Bila shaka, tarakimu hizi hutofautiana baina ya nyumba na nyumba, na kila familia itaandika zake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba akiba hii haiwi akiba mpaka itoke nyumbani. Fedha zilizookolewa kwenye chakula na kubaki mfukoni hutumika kwenye jambo jingine kabla ya mwisho wa wiki. Kwa hivyo inafaa nyongeza itolewe siku ile ile mshahara unapoingia, kwa agizo la kudumu la benki, kisha familia iishi kwa kinachosalia.

Mbali na akiba ya kila mwezi, kuna fedha zinazokuja kwa mkupuo: gawio la chama cha ushirika, marupurupu ya likizo, malipo ya kusahihisha mitihani ya kitaifa, au zamu ya kupokea fedha za chama cha mzunguko, ambacho Tanzania hujulikana kama upatu. Familia ya mfano ikipata Sh60,000 mwishoni mwa mwaka wa kwanza na kuzitia zote katika deni la msingi, mkopo unafupika kwa takriban miezi 20, hata wasipoongeza shilingi nyingine yoyote. Fedha hizo hizo zingenunua makochi mapya. Hakuna ubaya katika kununua makochi, mradi mnunuzi ajue kwamba gharama yake ni miezi 20 ya malipo.

Tahadhari

Ulipaji wa mapema si dawa ya kila ugonjwa, na kuna mambo kadhaa ambayo mkopaji anapaswa kuyapima.

Mosi, akiba ya dharura hutangulia. Fedha ikishaingia katika deni la msingi haitoki kwa urahisi. Mkopaji aliyelipa ziada kwa miaka 3 kisha akapoteza kazi hawezi kuiambia benki imrudishie, na ziada aliyolipa haitamwondolea wajibu wa kulipa mwezi ujao, isipokuwa mkataba useme hivyo. Kwa sababu hii, ni busara familia itenge kwanza fedha za kuiwezesha kuishi na kulipa deni kwa miezi isiyopungua mitatu. Hapa ndipo methali ya kibaba inapokuwa na nafasi yake. Akiba haiozi, na kibaba hiki ndicho kinachoilinda nyumba gogo linapoendelea kubanduliwa.

Pili, madeni ghali yalipwe kabla ya deni la nyumba. Kwa mfano, huduma ya M-Shwari iliyoanzishwa mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa na kulipa namna hiyo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada inayofikia asilimia 90 ya fedha alizokopa. Kulipa ziada kwenye deni la asilimia 14 huku mtu akikopa kwa simu ili kununua unga ni kuziba ufa na kubomoa ukuta.

Tatu, aina ya riba ichunguzwe. Yaliyoelezwa hapo juu yanahusu riba inayotozwa juu ya salio. Kuna mikopo mingine ambayo riba yake hukokotolewa mara moja juu ya fedha zote zilizokopwa, kisha ikagawanywa katika miezi yote. Katika mikopo ya aina hiyo, kulipa mapema kunaweza kusipunguze riba hata kidogo. Hali kadhalika, mkataba usomwe ili ijulikane kama kuna ada au notisi inayohitajika kabla ya kulipa ziada.

Nne, benki iagizwe kwa maandishi. Fedha za ziada zikitumwa pasipo maelezo, zinaweza kuhesabiwa kuwa malipo ya mwezi ujao yaliyotangulia, au zikatumiwa kupunguza malipo ya kila mwezi badala ya kufupisha muda. Barua iseme waziwazi kwamba ziada inapunguza deni la msingi, malipo ya kila mwezi yabaki yalivyo, na muda ufupishwe. Baadaye mkopaji aombe taarifa ya mkopo na kuthibitisha kuwa salio limeshuka.

Tano, riba hubadilika. Katika miaka ya 1990, riba za mikopo nchini Kenya zilipita asilimia 30. Mwaka 2016, sheria iliweka kikomo cha asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na kikomo hicho kikaondolewa Novemba 2019. Mnamo Februari 2024, kiwango cha Benki Kuu kilifikia asilimia 13, kisha kikaanza kushushwa Agosti mwaka huo. Riba inaposhuka na malipo ya kila mwezi yakapunguzwa, familia inayoendelea kulipa kiasi cha zamani hupata ziada pasipo kujinyima chochote kipya. Inapopanda, aliyekwisha kupunguza salio lake huumia kidogo kuliko mwenzake.

Sita, fedha zilinganishwe na matumizi mengine. Riba inayopatikana kwenye akaunti ya akiba hukatwa kodi ya asilimia 15. Akaunti inayotoa asilimia 8 humwachia mwenyewe asilimia 6.8, ilhali deni lake linamtoza asilimia 14. Hata hivyo, hutokea nyakati ambapo mambo ni kinyume. Mnamo Februari 2024, serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18 isiyotozwa kodi. Mwenye deni la riba ya chini ya hapo angefaidika zaidi kwa kuinunua, endapo angekuwa na nidhamu ya kurejesha faida hiyo kwenye deni.

Kuna pia suala la nafuu ya kodi. Mwenye nyumba anayeishi ndani yake huruhusiwa kuondoa riba ya mkopo katika mapato yanayotozwa kodi. Kikomo cha riba hiyo kilikuwa Sh300,000 kwa mwaka hadi kilipopandishwa kuwa Sh360,000 mwezi Desemba 2024. Baadhi ya watu hudai kwamba kulipa mapema ni kuipoteza nafuu hii. Hoja hiyo ina upungufu. Kwa mtu anayetozwa kodi ya asilimia 30, kila shilingi ya riba humrudishia senti 30 tu. Senti 70 zimekwenda. Tena, katika mfano uliotolewa, riba ya mwaka wa kwanza ni takriban Sh418,000, kiasi kinachozidi kikomo. Riba inayozidi hapo haina nafuu yoyote, na hiyo ndiyo ya kwanza kuondolewa na malipo ya ziada.

Lugha na Haki ya Kuelewa

Yote yaliyoelezwa hapa yameelezwa kwa Kiswahili pasipo kukosa maneno. Riba, salio, rehani, dhamana, deni la msingi, gawio, hatifungani na kukomboa ni istilahi zilizopo na zinazoeleweka. Hata hivyo, hati za rehani nchini Kenya kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata mhitimu wa chuo kikuu hukisoma kwa taabu. Mume na mke hutia saini kurasa nyingi ambazo maudhui yake wameelezwa kwa dakika chache mezani kwa afisa wa mikopo.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike kikamilifu na huduma hizo. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, vinawapa wataalamu wa Kiswahili kazi ya kufanya. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuandaa mihtasari ya mikataba ya mikopo kwa lugha nyepesi na kuisambaza kwa walimu na vyama vya ushirika. Wahadhiri wanaweza kuyafanya matini ya benki kuwa mazoezi ya tafsiri, badala ya kutegemea matini za fasihi na hotuba pekee. Mwanafunzi aliyewahi kutafsiri jedwali la malipo ya mkopo ataielewa hesabu yake vizuri kuliko aliyekariri methali ishirini za akiba.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba mkopo wa nyumba hauishi kwa kulipwa tu, bali kwa kupunguzwa deni lake la msingi. Kwamba miaka ya kwanza ndiyo ambamo nyongeza ndogo ina nguvu kubwa. Na kwamba nyongeza hiyo inaweza kuchumwa kutoka jikoni, sokoni na kwenye simu, mradi iandikwe daftarini na itolewe siku ya mshahara. Yameonyesha pia kwamba akiba ya dharura na madeni ghali hutangulia, na kwamba benki sharti iagizwe kwa maandishi.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga. Familia ya Nakuru iliyotolewa mfano ina njia mbili za kuinywa dawa hiyo: kwa miaka 20, au kwa miaka 12 na miezi 8. Tofauti baina ya njia hizo ni chakula cha mchana kinachobebwa kutoka nyumbani, gunia la sukuma wiki nyuma ya nyumba, na barua moja ya kuiagiza benki. Iwapo mume na mke wataweza kuisoma hesabu hiyo pamoja, kwa lugha wanayoielewa wote wawili, basi nyumba yao itakuwa imeanza kukombolewa.